Msomee Mtu Anayechambua Mchele

Juzi usiku nimeshajifunika shuka, simu ikalia. Ujumbe wa kijana wa Morogoro: "Shikamoo dada mwandishi. Nina miaka 23 na riwaya ya kurasa 212. Nimeipeleka sehemu tatu, kote kimya. Je, nimechelewa? Na nifanyeje nishinde tuzo kama wewe?"

Marahaba mdogo wangu. Miaka 23 umechelewa wapi? Mwandishi Kezilahabi alizaliwa 1944, riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ikatoka 1971. Piga hesabu mwenyewe. Halafu, mimi sijashinda tuzo. Niliingia kwenye orodha ya mwisho, nikapiga picha na cheti, nikarudi nyumbani kwa daladala nimekikumbatia kama mtoto mchanga. Walioiona ile picha ndio walionipa ushindi, na mimi, nakiri, sikuwakatalia.

Sasa nikusimulie yaliyonikuta, maana ushauri mtupu haushibishi.

Muswada wangu wa kwanza ulikaa kwa mchapishaji miezi 14. Uliporudi haukuwa na barua, ila kipande cha karatasi ya daftari kilichobanwa kwa pini: "Wahusika wote wanaongea kama mwalimu wa Kiswahili." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili! Ukurasa wa 9 ulikuwa na duara la chai, alama ya kitako cha kikombe, na kuanzia wa 10 kurasa zilikuwa nyeupe pee, hazijawahi hata kukunjwa pembe. Kwa hiyo nilijua alipoishia. Kurasa 9, baada ya miaka minne ya kuamka saa kumi alfajiri. Nilimchukia mhariri yule kwa muda mrefu, na hata leo tukikutana kwenye uzinduzi wa vitabu salamu yangu kwake huwa fupi.

Desemba ile nikaenda Tanga, kwa shangazi yangu, Ngamiani. Shangazi hajawahi kumaliza riwaya hata moja, ila akikuanzia kisa cha harusi iliyovunjika mwaka 1983 utasahau chai mpaka ipoe. Mchana mmoja ameketi kwenye mkeka barazani, ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamwambia, shangazi, nikusomee? Akasema soma, mimi masikio yangu hayana kazi.

Nikaanza. Mwanzoni nilitazama karatasi tu, kisha nikaanza kuutazama mkono wake. Nilipokuwa naeleza mandhari (machweo, bahari, na yale mawimbi yangu "yenye huzuni"), vidole vilikwenda mbio: chuya, jiwe, chuya, tupa. Nilipofika mahali ambapo mke anaficha pesa za kikoba ndani ya pakiti ya majani ya chai, mkono ukasimama, punje moja ya mchele imebaki kati ya vidole viwili. "Ehe?" Nikajua hapo pana hadithi. Sura nzima ilikuwa na mahali pawili tu pa namna hiyo.

Kisha nikafika kwenye mazungumzo niliyoyaonea fahari. Mke anamwambia mumewe: "Ewe mume wangu, moyo wangu umejawa na simanzi isiyo kifani." Shangazi akainua kichwa. "Anaongea na nani huyo, redio?"

Lakini lililonimaliza ni la mwisho. "Mwanangu, huyu mwanamke anapigwa usiku kucha. Hana jirani?" Nikajitetea kwamba nilitaka kuonyesha upweke. Akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Upweke gani kwenye nyumba ya vyumba sita? Mimi nikikohoa humu, chumba cha pili wananipa pole."

Nilikaa kimya. Ni kweli. Nilikuwa nimeandika mtu wa Ngamiani anayeishi kama yuko peke yake jangwani. Kwetu siri hujulikana, kinachofichwa ni kwamba inajulikana. Nikarudi Dar es Salaam nikaandika upya, nikamweka jirani ambaye kila kelele zikianza anabisha hodi kuomba chumvi, hata saa nane usiku. Jirani huyo akaniteka kitabu chote. Hadi leo wasomaji wakinisimamisha njiani wanamuulizia yeye, si mhusika mkuu niliyemtolea jasho.

Kwa hiyo ushauri wangu: soma kwa sauti. Msomee mtu ambaye mikono yake ina kazi na ambaye hana sababu ya kukusifu. Usiwasomee waandishi wenzako, tunadanganyana sana. Usimuulize "umeipenda?" Mtazame mikono. Na usome kwa sauti, nimeshasema, narudia.

Usiniambie huna muda. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, Tanga hiyohiyo, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, miaka mingi kwenye idara ya forodha, na vitabu vikatoka. Nyinyi mnaanza kuuliza tuzo kabla ya sura ya pili. Tuzo zipo, ndiyo: ile iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi ya Safal, inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na tangu 2022 tuna ya Mwalimu Nyerere. Peleka. Ila waamuzi nao wana vikombe vya chai, na ukurasa wa 9 unafika upesi. Kaeni chini mwandike, wadogo zangu. Someni pia. Mimi nilijifunzia kusoma kwenye magazeti ya kufungia maandazi, riwaya ya mfululizo imekatwa katikati, nikawa najitungia mwisho wake njiani nikienda shule.

Kijana wa Morogoro, nitumie kurasa 9 za mwanzo. Nitazisomea Tanga Desemba hii, shangazi akiwa na ungo wake, nami nitakuandikia mkono uliposimama na ulipokimbia. Usinune.

Kitabu changu kilipotoka nilimpelekea nakala. Amekiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni, mwenyewe hajakifungua. Alisomewa na mjukuu wake jioni tatu, akanipigia simu. Nilidhani ananipongeza. "Yule jirani," akasema, "ile chumvi yote aliwahi kuirudisha?"