Cherehani nyepesi ya kushonea mifarishi ya kitenge

Dada, umeuliza kama cherehani ya kilo 5 inaweza kushona mfarishi wa kitenge na bado ukaibeba kwenye boda. Inaweza, ila fremu ya ndani iwe ya chuma au aluminiamu. Ya plastiki hutikisika na kuruka mishono kwenye tabaka tatu za mfarishi: kitenge juu, pamba katikati, kitambaa chini.

Singer 221 ya zamani ni ya aluminiamu, kama kilo 5, na hushona mshono ulionyooka tu. Kuunga vipande hakuhitaji zaidi. Lakini soma kibao chake kwanza! Nyingi zilizotoka Marekani ni za volti 110, na ukiichomeka kwenye 240 zetu bila transfoma, mota inaungua.

Nenda dukani na kitenge chako na pamba. Shona tabaka zote tatu, sentimita 30. Kitambaa cha juu kikijikunja mbele, ni kwa sababu meno ya chini ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini peke yake: uliza kama unapatikana mguu wa cherehani wenye meno yake ya juu. Sindano namba 90/14, mshono milimita 2.5 kuunga, 3 kwa tabaka zote.