Maswali ya wasomaji: Katalogi naiona, data haifunguki

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni afisa ugani huku Kongwa. Kijana mmoja alinisakinishia JupyterLab (programu ya kuandika na kuendesha Python ndani ya kivinjari) kwenye laptop, pamoja na kiendelezi cha kupekua katalogi za data. Upande wa kushoto naiona orodha yote: mvua, picha za satelaiti, udongo. Nikibofya mvua, maelezo yanatokea. Nikibonyeza kitufe cha kuingiza, mistari ya Python inajiandika yenyewe kwenye daftari. Nikiiendesha napata ModuleNotFoundError, eti hakuna intake. Inakuwaje orodha ionekane halafu moduli isiwepo? Na kila nikibofya, bando langu linaliwa? (Afisa ugani, Kibaigwa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na bando, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Bofya upendavyo. Katalogi haibebi data, inabeba habari zake tu. Wewe wa Kibaigwa unawajua madalali: anakuonyesha mahindi kiganjani, magunia yenyewe yako kwingine. Hizi katalogi za Intake, maktaba ya Python ya kusoma orodha za data, ni faili la YAML, maandishi matupu ambayo hata Notepad inayafungua. Ingizo moja linakaa hivi:

mvua:
  description: Mvua ya kila mwezi, CHIRPS, kuanzia 1981
  driver: netcdf
  args:
    urlpath: (anwani ya faili lilipo)

Unapobofya, kiendelezi kinakusomea mistari hiyo basi. Ni kilobaiti chache, meseji ya WhatsApp yenye picha inakula zaidi.

Bando linaanza kuliwa unapoendesha mistari iliyoingizwa. Angalia wa mwisho. Ukiishia na read(), umeomba kila kitu kiingie kwenye kumbukumbu ya laptop, na CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotokana na satelaiti na vipimamvua, katika toleo lake la 2 inaanzia latitudo 50 kusini hadi 50 kaskazini. Unavuta mvua ya sehemu kubwa ya dunia kwa ajili ya wilaya moja! Badilisha iwe to_dask(), kisha kata eneo lako: latitudo −6.5 hadi −5.8, longitudo 36.2 hadi 36.8. Hapo unapewa umbo la data kwanza, namba zinasomwa ukishazihitaji, kwa mfano unapochora grafu. Kama faili limekaa kwa namna isiyokubali kusomwa vipande vipande, litashuka lote hata ukitumia to_dask(), kwa hiyo jaribu kwanza kwa mwaka mmoja ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu.

Sasa hiyo moduli. JupyterLab unayoiona kwenye kivinjari ina mazingira yake ya Python, na keneli inayoendesha daftari lako inaweza kuwa na mazingira mengine kabisa. Kiendelezi kinaishi kule kwenye Lab, ndiyo maana orodha unaiona. Mistari inaendeshwa kwenye keneli, na huko hakuna aliyesakinisha intake. Kijana wako hakukosea sana, alifanya kazi nusu. Andika kwenye seli import sys, chini yake sys.executable, uone keneli inatumia Python ya folda gani. Kisha, ndani ya daftari hilohilo:

%pip install intake intake-xarray

Hicho cha pili usikiache. Bila intake-xarray, kosa la kwanza litaondoka lije jingine la kulalamika kuwa driver (kisomaji) ya netcdf, aina ya faili la hiyo mvua, haijulikani, na utaniandikia tena. Ukimaliza, washa keneli upya.

Halafu, kabla hujaenda kijijini na grafu yako: mraba mmoja wa CHIRPS ni digrii 0.05, karibu kilomita tano na nusu kila upande. Mkulima wa mtama akikuuliza mvua ya shamba lake, hiyo siyo. Hiyo ni ya shamba lake, la jirani, na pengine la kijiji cha pili. Kipimamvua cha shule bado kina kazi.

SWALI: Mbukwenyi! Nafanya mradi wa zabibu za Hombolo. Kiendelezi changu kinatafuta picha za satelaiti za Sentinel-2 kwenye katalogi za STAC (utaratibu wa pamoja wa kuorodhesha picha za satelaiti). Nimejaza eneo −6.1, 35.8, −5.8, 36.1. Picha zinakuja nyingi, zote maji matupu. Bwawa la Hombolo si kubwa hivyo. (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Umeenda mlango wa bahari wa Gibraltar, kati ya Moroko na Hispania. Hongera kwa safari. STAC inataka magharibi, kusini, mashariki, kaskazini, yaani longitudo inatangulia. Weka 35.8, −6.1, 36.1, −5.8.

Utakaporudi nyumbani utakuta picha za siku moja ziko mbili, vigae (vipande vya mraba ambavyo picha hukatwa) vingine jina lao linaanza na 36M, vingine 37M. Usidhani katalogi imerudia. Meridiani ya digrii 36 mashariki inapita kati ya jiji na Kongwa, karibu kabisa na Hombolo, na ndiyo mpaka wa kanda mbili za UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia kwa kanda za digrii sita sita. Chagua kanda moja ubaki nayo, la sivyo mashamba hayatalaliana.

Kichujio cha mawingu nacho kisikudanganye. Asilimia inayoandikwa ni ya kigae kizima, chenye upana wa kilomita 110 hivi. Ukikaza chini ya 10 katikati ya masika yetu, Desemba hadi Aprili, utabaki mikono mitupu, wakati pengine kulikuwa na picha yenye mawingu 60 lakini Hombolo ikawa wazi. Legeza, kisha tazama vijipicha kwa macho.

Mimi nina ekari moja ya mizabibu hukohuko. Pikseli ndogo kabisa ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo ekari yangu ni pikseli 40 tu, na za pembeni zimechanganyika na njia na alizeti za jirani. Ukitupa za pembeni unabaki na chache. Zinatosha kuona shamba limeamka lini baada ya kupogolewa. Kuhesabu mizabibu, hapana.

SWALI: Nimesakinisha kiendelezi, paneli haionekani kabisa. (Msomaji, Mpwapwa)

JIBU: Onyesha upya ukurasa kwanza. Ikigoma, fungua terminali uandike jupyter labextension list. Vilivyotengenezwa kwa JupyterLab 3 mara nyingi vinakataa kwenye 4, iliyotoka 2023, na orodha hiyo itakuambia. Paneli ikitokea lakini ni tupu, kilicholala ni upande wa seva: andika jupyter server extension list, uangalie kama kiendelezi chako kimewashwa.