Dada, ni mimi nitakayesema "akshen"?

SWALI

Dada, shikamoo. Nina miaka 24, naishi Morogoro. Nimeshuti video za harusi na nimebeba taa kwenye filamu mbili. Sasa rafiki yangu anaongoza filamu yake ya kwanza, hadithi ya mvuvi na mkewe. Tutashuti Bagamoyo siku 12, watu hatuzidi 15. Ameniomba niwe mwongozaji msaidizi. Nilikubali haraka, sasa naogopa. Je, ni mimi nitakayesema "akshen"? Nitaongoza sini ambazo yeye amechoka? Malipo ameniambia nitapata filamu ikiuzwa. Ndoto yangu ni kuwa dairekta.
Msaidizi Mtarajiwa, Morogoro

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Neno "akshen" ni la dairekta. Wewe utasema yote yanayolitangulia: unawanyamazisha watu, unaita sauti, fundi sauti anajibu kwamba anarekodi, unaita kamera, klapa, kile kibao chenye namba ya sini, inapigwa. Kama kuna watu wa kupita nyuma, yaani ekstra, unawaanzisha wewe, ili mwigizaji akianza wao wawe tayari wanatembea. Baada ya hapo unafunga mdomo. Hata ukiona sini inaharibika, subiri aseme "kata", umsogelee, umnong'oneze. Kumkosoa mbele ya ekstra ni kumvua nguo sokoni.

Jina la kazi hii linadanganya, na mimi lilinidanganya. Nilidhani nitakuwa dairekta mdogo. Huu ni mwaka wa 11, na shughuli yangu bado ni saa, jua na sufuria ya wali: nani anatakiwa wapi, saa ngapi, amekula au hajala.

Anza na skripti, rula na kalamu. Kila ukurasa ugawe mafungu 8, kisha pima kila sini ina mafungu mangapi. Pigia rangi waigizaji, ekstra, nguo, vyombo, magari, wanyama, kila kitu na rangi yake. Ukurasa mmoja huwa kama dakika moja ya filamu, na timu ndogo niliyozoea mimi ikijitahidi hupata kurasa 4 au 5 kwa siku. Gawanya kurasa zenu kwa siku 12 leo hii. Hesabu ikikataa, mwambie rafiki yako sasa, usingoje siku ya tisa.

Ila mafungu usiyaamini peke yake. Filamu moja tuliyoshuti Temeke, skripti iliandika: "Msibani. Watu wanalia." Fungu 1 kati ya 8. Nikaipangia saa moja na nusu, kabla ya chakula cha mchana. Maneno yale matatu yakadai turubai, viti 60 vya kukodi, majamvi, masufuria, moshi wa kuni, na akina mama 30 wenye khanga. Ikala siku nzima. Na hapo bado sijafika kwenye kosa langu. Kibali cha Bodi ya Filamu tulikuwa nacho, barua ya serikali ya mtaa tulikuwa nayo. Niliwasahau majirani. Turubai likishafungwa uchochoroni, nani anauliza? Mama mmoja mtu mzima akaingia, akavua ndala, akaketi jamvini, akalia kuliko wote. Dairekta akaninong'oneza, "Huyu umemtoa wapi?" Tukairekodi mara tatu, teki tatu. Tulipopumzika, yule mama akamwita binti wetu wa kontiniuti, anayeandika kila kilichopigwa ili picha zioane, alimwona na daftari, akampa shilingi 5,000 amwandike kwenye rambirambi. Kisha akauliza, "Kwani aliyefariki ni nani?"

Nilimrudishia hela yake nimepiga magoti. Alicheka mpaka akashika mbavu, akakataa kuondoka kabla hajala. Sura yake ipo kwenye filamu, kwa ridhaa yake. Tangu siku ile, jioni ya kabla ya kushuti napita mwenyewe nyumba kwa nyumba.

Sasa Bagamoyo. Wewe ni mtu wa Morogoro, bahari huijui, usione aibu. Maji hujaa na kupwa kila baada ya saa 6 hivi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Maana yake, ndani ya wiki moja, saa ile ile uliyokuta maji tele utakuta mchanga mtupu. Ufukwe wa pale maji yakipwa yanakwenda mbali hasa, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo zaidi. Tuliwahi kupiga ugomvi ndani ya ngalawa asubuhi, kamera ikiwa mbali. Tukaenda kula. Tuliporudi kupiga sura kwa karibu, ngalawa imelala ubavu juu ya mchanga na wavuvi wanatuangalia kama kichekesho. Nusu ya ugomvi ilingoja mpaka kesho yake. Kwa hiyo sini za majini ndizo zinazopanga ratiba yenu, nyingine zote zifuate.

Jioni nako kuna mtego. Dairekta wengi wa mara ya kwanza wanautamani mwanga wa jua linapozama, tena kwa mazungumzo marefu ya mapenzi. Pwani kwetu jua likizama giza haliulizi hodi, na dakika ile ile adhana ya magharibi inaanza, msikiti huu kisha ule. Hupati neno hata moja safi. Mazungumzo yamalizwe mapema, na mwanga ule wa mwisho ubakie kwa picha za kimya: mke anakunja nyavu, mtumbwi unarudi. Na wenzako wanaokwenda kuswali, nafasi yao iwe ndani ya ratiba. Wasikuombe.

Kolishiti, ile karatasi ya kesho inayomwambia kila mtu saa na mahali, itoke kabla watu hawajalala, na saa iandikwe Kiswahili. Niliwahi kuandika "6:00" tu. Mzee aliyekuwa anaigiza baba mkwe alifika saa 6 mchana, amenyoa, amependeza, anashangaa tumenuna. Sisi tulikuwa tunamngoja tangu saa 12 asubuhi. Kosa halikuwa lake.

Kuhusu ekstra, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, TaSUBa. Mkaulizie huko kabla hamjabeba watu kutoka Dar na kulipia nauli.

Malipo. Filamu ikiuzwa? Mimi nimengoja filamu mbili ziuzwe, na moja bado naingoja. Urafiki hauzuii karatasi. Andikeni ukurasa mmoja: nauli, malazi, chakula, posho ya kila siku hata kama ni ndogo, na hiyo sehemu ya mauzo ni kiasi gani. Akikasirika kwa ukurasa mmoja, fikiria atakavyokuwa siku ya nane jenereta likizima.

Kuhusu ndoto yako nitakuwa mkweli. Njia hii haipeleki kwenye udairekta moja kwa moja. Wengi wetu tunaishia kuwa maprodyuza au mameneja wa uzalishaji, maana tumezoea kuhesabu. Sini alizochoka rafiki yako hutaongoza, na akikuachia mojawapo basi mna tatizo kubwa zaidi. Ukitaka kuongoza, tengeneza filamu yako, hata ya dakika 5 kwa simu. Ila siku hizo 12 utasimama hatua mbili kutoka kwake, utasikia kila anachomwambia mwigizaji kati ya teki ya pili na ya tatu. Mbeba taa hasikii hayo, yuko juu ya ngazi.

Wiki hii panda basi uende Bagamoyo mapema, bila kamera. Kaa ufukweni kuanzia alfajiri mpaka maji yaende na kurudi. Mtafute mvuvi mmoja, mnunulie chai na chapati, umuulize bamvua inaangukia tarehe gani. Kisha nitumie ratiba yenu niione.