Vifaranga wa bata mzinga wanakufa na chakula kipo

Ndugu, wakifa kati ya siku ya tatu na ya tano huku chakula kimejaa, kabla hujakimbilia dawa shuku njaa. Siku mbili tatu za mwanzo wanaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Kikiisha na hawajajua kula, basi. Wa kuku hujifunza upesi, hawa ni wazito kweli kuelewa. Mchovye kila mmoja mdomo kwenye maji ya uvuguvugu, kisha kwenye chakula. Tia gololi zinazong'aa kwenye chombo cha maji na juu ya chakula, watazidonoa na kujikuta wanakula. Gololi ziwe kubwa wasizimeze, na maji yawe ya kina kidogo wasizame.

Chakula cha vifaranga wa kuku hakiwatoshi, wanahitaji protini kama asilimia 28.

Joto anza na nyuzi 35 usawa wa migongo yao, punguza kama 3 kila wiki. Ila waangalie wenyewe kuliko kipimajoto: wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni wakihema umezidisha.

Gazeti tupu sakafuni toa, linateleza na miguu inapanuka. Weka maranda makavu, na yakilowa badilisha siku hiyohiyo, kwani unyevu unaleta koksidia, vimelea vya utumbo vinavyowaharisha.

Na usiwachanganye na kuku hata wakikua. Kuku hubeba vimelea vya histomonasi bila kuonyesha dalili, ila bata mzinga vinamharibu ini na kumuua.