Kumpandisha Fumo Liyongo jukwaani: jibu kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Umesema mwalimu wenu wa Kiswahili hapo Unguja kawapa kazi ya kuigeuza hadithi ya Fumo Liyongo, yule shujaa wa kale aliyewindwa na sultani wa Pate, iwe mchezo wa nusu saa, na mmekwama pawili: jitu lisiloingia silaha mtalionyesha vipi, na wenzako wanataka mwisho wake afufuke, watu wasirudi na huzuni. Mimi nasomesha skuli huku Pemba na hadithi hii nimeshaiigizisha wanafunzi zaidi ya mara moja.

La kufufuka lifuteni. Anayekuja kumtazama Liyongo ametoka kwao akijua kwamba atakufa, tena kwa mkono wa mwanawe. Anataka kuona huyo mtoto anafikaje huko.

Ukubwa wake msiutafutie kijana mrefu wala magongo ya kutembelea. Sisi Liyongo wetu alikuwa mwembamba, mfupi kuliko walinzi wake. Nilichowaambia wengine ni kimoja tu: mkisema naye, tazameni juu ya kichwa chake, na akipita mpisheni njia pana. Watu walicheka mwanzo, kisha wakasahau.

Nusu saa haibebi kila kitu. Kile kisa cha kupanda mti wa mkoma ni kitamu kusoma ila kinakula dakika, kiacheni. Chukueni gereza, sindano na kisima.

Gerezani mnajua: Saada, kijakazi wa mama yake Liyongo, analeta mikate, walinzi wanakula mizuri, wanamwachia mfungwa ule wa wishwa, na tupa ya kukatia minyororo imo ndani. Hadithi ni ya Pate, na ngoma iliyopigwa nje kuifunika sauti ya tupa ni gungu. Sisi tuliweka msewe, ngoma ya huku Pemba, maana vijana wetu wanaujua na ile mishindo ya miguuni inafunika kila sauti. Nyuma ya pazia mtoto mmoja alikuwa anakereza kipande cha bomba kwa tupa ya kweli. Katikati, ngoma ikakatika ghafla. Kwa pumzi moja ukumbi mzima ukaisikia tupa peke yake, mlinzi akageuza shingo, msewe ukarudi. Hapo hapahitaji hata neno.

Lakini muda wenu mwingi uwekeni kwenye sindano. Mtoto kaahidiwa uwaziri na binti wa sultani, anakuja kumuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Msimfanye shetani huyu mtoto. Mfanyeni aone haya, mpeni kigugumizi, aanze kuuliza kisha aulizie chakula. Katika baadhi ya masimulizi baba anamwambia waziwazi kwamba anajua kahadaiwa, na hicho alichoahidiwa hatakipata, kisha anamtajia siri: sindano ya shaba, kitovuni. Kwangu mimi msiba wote umo humu, baba anajua na bado anasema. Atakayeigiza baba aseme polepole, huku anafanya kazi ndogo ya mkono, kama kusuka kamba.

Sindano yenyewe tengenezeni kwa waya mnene wa shaba, mrefu, mliousugua kwa ndimu na mchanga hadi ung'ae, wa nyuma wauone. Kuchoma msikuonyeshe. Mtoto ainuke, awape watazamaji mgongo, mguu wa baba ushtuke mara moja, basi.

Halafu kisimani. Liyongo anapiga goti, kavuta upinde, anafia papo hapo, na mji haujui. Wanawake wanakuja na mitungi, wanamwona, wanakimbia. Kiu inawashika, wanamwendea mama yake wakamwombe ambembeleze kwa mashairi. Mji mzima unamuogopa maiti! Watu wetu walicheka wanawake walipokimbia, mama alipoanza kuimba wakanyamaza. Waambie wenzako wanaoogopa huzuni. Kamba ya upinde iwe ya mpira laini, la sivyo mikono ya kijana itatetemeka na mambo yataharibika.

Maneno ya mama msiyatunge upya yote. Utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 upo, someni, chagueni beti chache mziimbe. Kwenye karatasi ya mwalimu andikeni mlichotoa huko na mlichotia wenyewe, wasahihishaji huliangalia hilo.

Mkimaliza mswada usomeni kwa sauti huku mmoja kashika saa. Ukizidi, kateni gerezani. Kisimani msiguse.