Kumsema hakimu kesi ikiwa inaendelea: yaliyonikuta Tanga

Mkuu, umeuliza kama shemeji yako anaweza kuwekwa ndani kwa kuandika Facebook kuwa hakimu "kapewa chochote", na kesi yao bado inasikilizwa. Anaweza. Mimi ilibaki kidogo.

Tulikuwa na shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo, nyumba ya marehemu baba hapa Ngamiani. Likaahirishwa mpaka nikaacha kuhesabu: leo hakimu yuko semina, kesho mshauri wa mahakama hakufika. Siku moja nimerudi na hasira zangu, nikarusha sauti kwenye kundi la ukoo: "Huyu kashakula, tusijisumbue." Nikasahau kuwa ba' mdogo, tuliyekuwa tunavutana naye hukohuko mahakamani, naye yumo kundini. Tarehe iliyofuata akaja na simu, akaomba isikilizwe.

Mahakama nzima kimya, sauti yangu inanguruma kwenye kijisimu. Karani akainamia faili. Hakimu wala hakufoka, aliniuliza tu: "Kala nini? Kwa nani? Lini?" Sikuwa na jibu hata moja. Niliomba radhi palepale, nikaonywa, nikatoka shati limelowa.

Baadaye wakili mmoja akanifungulia Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 114. Kudharau mahakama si kupiga kelele chumbani tu. Hata maneno au maandishi ya kupotosha shauri ambalo bado linaendelea, au ya kumshusha hadhi anayelisikiliza, yamo. Kifungo ni hadi miezi sita.

Ila usimzibe shemeji mdomo kabisa. Kule Trinidad, enzi hizo koloni la Waingereza, mhariri mmoja, Ambard, alishitakiwa kwa sababu gazeti lake lilitazama adhabu za kesi mbili zilizokwisha, likahoji kwa nini zinatofautiana vile. Rufaa ikafika London, akashinda mwaka 1936. Jaji wa rufaa hiyo, Lord Atkin, alisema, nikiyaweka kwa maneno yetu ya huku pwani, kwamba haki si mwali wa kufungiwa ndani: itoke, itazamwe, na watu wa kawaida waiseme hata kwa ukali, mradi hawamsingizii hakimu nia mbaya. Uingereza wenyewe wamelifuta kosa la kuchafua hadhi ya mahakama tangu 2013, ingawa kuvuruga kesi inayoendelea bado ni kosa kwao. Lakini shemeji yako hayuko London.

Kwa hiyo posti aishushe leo. Hukumu ikitoka, achukue nakala, aisome na kalamu mkononi. "Ukurasa wa tatu hakimu hakugusa ushahidi wa shahidi wa pili", hilo aliseme hata barazani kwa sauti. Sisi ndivyo tulivyofanya: tulishindwa, tukakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na hoja iliyotubeba ilikuwa hiyohiyo ya ushahidi kuachwa. Neno "kula" halikutajwa popote. Na kama kweli ana ushahidi wa rushwa, aupeleke TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Mwenendo mbaya wa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo una Kamati ya Maadili ngazi ya wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya. Facebook haina meza ya kupokea malalamiko.

Ba' mdogo tulishapatana, Idi iliyopita tumekula sahani moja. Ile sauti hajaifuta, na kila nikimbishia jambo huniuliza, "Nikuwekee?"