Kabla Hujatia Sahihi ya Kukiri Kosa

Kijana niliyekuwa namtetea alifunua makubaliano moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho. Alitafuta tu pa kutia sahihi, akashika kalamu. Ulikuwa mwezi wake wa saba rumande. Niliweka kiganja juu ya karatasi nikamwuliza, "Unajua humu unakiri nini?" Akanijibu, "Wakili, mimi nataka kwenda nyumbani."

Nimewatetea washtakiwa wa jinai kwa miaka mingi, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Siyapingi makubaliano ya kukiri kosa. Yamewasaidia wateja wangu wengi. Ninachoogopa ni mtu kukiri kwa sababu amechoka kusubiri.

Kwa asiyeyajua, haya ni mapatano kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Wewe unakiri, wao wanakupa nafuu: wanabadili shtaka liwe dogo, wanaondoa baadhi ya mashtaka, au wanaiomba mahakama itoe adhabu nyepesi. Pengine utatakiwa kumlipa fidia aliyedhurika, au kutoa ushahidi dhidi ya wenzako. Kenya iliyaingiza katika sheria zake mwaka 2008, Tanzania 2019. Marekani ndiyo imeyazoea mno: mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya huko ilisema asilimia 97 ya waliotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho, na 94 katika za majimbo, walikuwa wamekiri wenyewe.

Jambo la kwanza ninalodai ni ushahidi. Sijadili nafuu yoyote kabla sijasoma maelezo ya mashahidi na kuona vielelezo. Huyu kijana alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na aliyoahidiwa ni kwamba silaha ingeondolewa, akiri unyang'anyi wa kawaida. Ukisikia hivyo unaona umependelewa. Niliposoma maelezo ya mashahidi wote watatu, hakuna hata mmoja aliyetaja silaha. Upande wa mashtaka ulikuwa unamsamehe kitu ambacho usingeweza kukithibitisha! Kwa hiyo kila ukiahidiwa nafuu, pima kwanza: bila makubaliano haya, wangeweza kuthibitisha nini?

Lakini kukataa nako kuna hatari zake, na wakili akikupotosha, utakayefungwa ni wewe. Huko Marekani, Anthony Cooper aliahidiwa kifungo cha miezi 51 hadi 85 kwa kumpiga mtu risasi. Akakataa, kwa kuwa wakili wake alimwambia haiwezekani kuthibitisha nia ya kuua iwapo risasi zilimpata mtu chini ya kiuno. Alipohukumiwa alipewa miezi 185 hadi 360. Ndiyo kesi iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2012, nayo ikakubali kwamba ushauri ule mbovu ulimnyima haki yake.

Jingine ambalo wengi hawaulizi ni yatakayokuja baada ya adhabu. Je, leseni yako ya kazi itabaki? Je, utaruhusiwa kuendelea kuishi katika nchi isiyo yako? José Padilla alikuwa ameishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40, akalitumikia jeshi lake Vietnam, na alipokamatwa na bangi wakili wake akamwambia asihofu kufukuzwa. Akakiri. Kukiri huko ndiko kulikomweka katika hatari ya kufukuzwa nchini. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2010 kwamba wakili alipaswa kumweleza hilo mapema. Muulize wakili wako maswali haya hata akikuonyesha ana haraka.

Siku ya mahakamani, hakimu au jaji atakuuliza kama umekubali kwa hiari na kama unaelewa haki unazoziachia, ikiwemo ya kuwahoji mashahidi. Uwezo wako wa kukata rufaa nao hupungua. Katika nchi nyingi hakimu au jaji halazimiki kufuata adhabu mliyopatana, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba "mambo yamekwisha." Kisha husomwa maelezo ya kosa, nawe unaulizwa kama ni kweli. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Ukisema "ni kweli nilimpiga, ila nilikuwa najitetea," hujakiri, na kesi inaweza kurudi mwanzo. Ukiitikia tu ili yaishe, umekubali kila neno lililosomwa.

Kwa yule kijana tulirudi mezani mara mbili. Mwishowe walikubali akiri wizi, na miezi aliyokaa rumande ihesabiwe. Walipoleta karatasi mpya, nilimpa bila kusema kitu. Safari hii alianzia ukurasa wa kwanza, polepole, akifuata mistari kwa kidole. Kwenye ukurasa wa pili kidole kilisimama. "Wakili," akasema, "hapa bado wameandika nilishika kisu."

Tukairudisha karatasi.